Maswali ya Wasomaji: Kani Ni Ileile, Eneo Je?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimeangukia mada moja: kani na kanieneo. Kani ni msukumo au mvuto, na hupimwa kwa nyutoni. Kanieneo, ambayo wengine huiita shinikizo, ni kani hiyo ukiigawa kwa eneo inaloligandamiza. Hupimwa kwa paskali, na paskali 1 ni nyutoni 1 iliyotandazwa juu ya mita 1 ya mraba. Karibu kila aliyekwama amekwama kwenye eneo: ama amechanganya vizio, ama amechukua eneo lisilohusika, ama amesahau kwamba kila uso una upande wake wa pili. Barua tumezifupisha. Kwenye hesabu tumechukua nyutoni 10 kwa kila kilo.

SWALI: Tulipewa tofali la kilo 2.4 lenye urefu wa sm 20, upana sm 10 na kimo sm 6, tutafute kanieneo yake likiwa limelazwa. Mimi nilipata 0.12, mwenzangu akapata 1,200. Yeye kapewa vema, mimi kosa. Sasa 24 ukigawa kwa 200 si 0.12?

JIBU: Ni 0.12, wala hukukosea kugawanya. Ulichopata ni nyutoni 0.12 kwa kila sentimita ya mraba, na ungeandika hivyo ungestahili vema. Kosa lilikuwa kuandika neno "paskali" mbele yake.

Wanafunzi wengi wakishaambiwa wageuze vizio hugawa kwa 100, kwa kuwa mita 1 ina sentimita 100. Hiyo ni kwa urefu. Mraba wenye mita 1 kila upande una safu 100, na kila safu ina vimraba 100, kwa hiyo mita 1 ya mraba ni sentimita za mraba 10,000. Sm² 200 zako ni m² 0.02, na 24 ÷ 0.02 ni paskali 1,200. Geuza vizio kwanza, kabla hujagawanya chochote.

Endelea na tofali hilohilo. Likisimamishwa kwa ubavu wake mrefu, linakalia sm² 120 na kanieneo ni paskali 2,000. Likisimama wima linakalia sm² 60, paskali 4,000. Uzito haujabadilika, ni nyutoni 24 kila mara. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, tafuta kipande cha godoro la sponji chenye unene wa kama sm 10, kipana kuliko tofali. Liweke taratibu kwa kila namna, ukipima kwa rula limezama kiasi gani. Usiliachie lianguke, maana hapo utakuwa unapima kishindo, ambacho si uzito. Na likiinama upande mmoja anza upya, kwa kuwa kani haijaenea sawasawa.

Kuna jambo jingine ndani ya tofali hili, nalo tutalihitaji baadaye. Ujazo wake ni sm³ 1,200, kwa hiyo densiti yake ni kilo 2,000 kwa mita ya ujazo. Zidisha kimo × densiti × 10. Likilala: 0.06 × 2,000 × 10 = 1,200. Kwa ubavu: 0.10 × 2,000 × 10 = 2,000. Wima: 0.20 × 2,000 × 10 = 4,000. Majibu ni yaleyale, na eneo halikutajwa kabisa. Kitu chochote chenye kuta za wima, kilicho sawa tangu chini hadi juu, hukandamiza kitako chake kwa kimo na densiti tu.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Huwaonyesha wanafunzi chupa yenye matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini. Mchoro wa kitabu unaonyesha maji ya tundu la chini yakiruka mbali kuliko yote. Kwenye meza yangu tundu la katikati ndilo linaloshinda, na wanafunzi wanauliza nani mkweli, kitabu au meza.

JIBU: Mwalimu, meza yako inasema kweli, na wanafunzi wako wamefanya vizuri kuuliza. Mchoro huo umenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu bila kujaribiwa.

Maji kuruka mbali hutegemea mambo mawili. La kwanza ni kasi yanayotoka nayo, na hiyo huamuliwa na kina cha tundu kutoka usawa wa maji. La pili ni muda yanaobaki hewani, na huo huamuliwa na kimo cha tundu kutoka mahali yanapotua. Tundu la chini lina kasi kubwa, lakini liko karibu na meza, hivyo maji yake yanatua kabla hayajasafiri. La juu lina muda wa kutosha ila halina kasi. Ukipuuza msuguano, umbali ni mara 2 ya kipeuo cha pili cha (kina × kimo).

Chukua maji yenye kimo cha sm 24 na matundu yaliyo kwenye kina cha sm 4, 12 na 20. Maji yanatoka kwa kasi ya kama mita 0.9, 1.5 na 2.0 kwa sekunde. Chupa ikiwa juu ya meza, la juu linafika sm 18, la katikati sm 24, na la chini sm 18 tena. La juu na la chini yanatua mahali pamoja! Sasa ipandishe chupa ile ile iwe mita 1 juu ya sakafu, ukingoni kabisa, maji yaangukie chini. Umbali unakuwa sm 44, 73 na 91. Hapo ndipo mchoro wa kitabu unapokuwa sahihi. Utakayopima wewe yatapungua kidogo, kwa sababu ya msuguano kwenye ukingo wa tundu.

Kwa hiyo inua chupa, au waambie wanafunzi wasitazame maji yanapotua bali wapige magoti waangalie pale pale tunduni yanapochomoka: ya juu yanajikunja mara moja, ya chini yananyooka kwanza. Waonyeshe pia kwamba yote matatu yanatoka yakiwa yamesimama digrii 90 na ukuta wa chupa. Maji hayakandamizi kuelekea chini tu. Yanasukuma kila upande, na daima kwa digrii 90 dhidi ya uso yanaougusa.

Matundu toboa kwa msumari mmoja wa mm 3 uliopashwa moto, ukiushika kwa koleo, kisha kwangua mabaki ya plastiki kwa wembe, kwani tundu lenye kipande kilichoning'inia hurusha maji pembeni. Yapange kwa mshazari kuzunguka chupa, yasiwe kwenye mstari mmoja, la sivyo maji ya juu yataangukia ya chini. Yazibe yote kwa utepe wa gundi mmoja na uuvute kwa mara moja. Kifuniko kiwe wazi. Kikifungwa, hewa haiingii na maji yatadhoofika au kusimama. Na mwanafunzi mmoja aendelee kumimina maji polepole ili usawa usishuke mkiwa mnapima.

SWALI: Vyombo vitatu vina kitako sawa. Kimoja kinatanuka kwenda juu, kimoja kina kuta wima, kimoja kinabana. Tunaambiwa maji yakifika kimo kimoja, kani kwenye kitako ni sawa kwa vyote. Lakini nikiviweka kwenye mizani vinasoma tofauti! Vyote viwili vinakuwaje kweli?

JIBU: Hili ni swali bora kuliko yote tuliyopokea, na wewe tayari umeona kwamba kuna kani mbili tofauti: ile ya maji juu ya kitako, na ile ya chombo kizima juu ya mizani. Tuzihesabu.

Kitako kiwe sm² 100, yaani m² 0.01, na maji yafike sm 20. Densiti ya maji ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kanieneo chini ni 0.20 × 1,000 × 10 = paskali 2,000 kwa vyombo vyote vitatu. Kani kwenye kila kitako ni 2,000 × 0.01 = nyutoni 20.

Chombo cha kuta wima kina lita 2, uzito nyutoni 20. Hapo hakuna fumbo, ni kama tofali letu. Chombo kinachotanuka, tuseme kimebeba lita 3.5, uzito nyutoni 35. Kitako kinabeba 20. Nyutoni 15 zilizobaki zimebebwa na kuta zilizoinama, kwa sababu maji yaliyo juu ya mteremko wa ukuta yameukalia ukuta, hayakukalia kitako. Mizani inapokea vyote, kitako na kuta, inasoma 35.

Kinachobana ndicho kinachowashangaza watu. Tuseme kina lita 1.2, uzito nyutoni 12, na bado kitako kinasukumwa kwa nyutoni 20. Nyutoni 8 za ziada zimetoka wapi? Maji yanasukuma kila uso kwa digrii 90, na hapa kuta zimeinamia ndani kama paa. Maji yanasukuma paa hilo kwenda juu kwa nyutoni 8, nalo linayarudishia maji msukumo wa nyutoni 8 kwenda chini. Kitako kinapata 12 + 8 = 20. Kwa upande wa mizani, chombo kinasukumwa chini kwa 20 kwenye kitako na juu kwa 8 kwenye kuta, kinabaki 12. (Uzito wa vyombo vyenyewe tumeuacha pembeni.)

Kwa kuwa kanieneo ya maji hutegemea kina, ukuta wa bwawa hujengwa mnene chini kuliko juu, na anayeusanifu huuliza kina cha maji, si ziwa lililo nyuma yake lina urefu wa kilomita ngapi.

SWALI: Mwanangu amenibana kwa swali. Kasoma kwamba hewa inakandamiza kwa paskali kama 100,000, kwa hiyo meza ya mita 1 ya mraba imebeba nyutoni 100,000, sawa na uzito wa tani 10. Mbona haivunjiki, na mbona naiinua kwa mkono?

JIBU: Mzazi, hesabu ya mwanao ni sahihi kwa uso wa juu. Mwambie sasa ahesabu uso wa chini. Hewa iko chini ya meza pia, nayo inasukuma kwenda juu kwa kiasi kilekile, isipokuwa tofauti ndogo sana itokanayo na unene wa mbao. Kinachovunja au kusogeza kitu ni tofauti kati ya pande mbili.

Ondoa hewa upande mmoja, muone wenyewe. Chukua kopo jepesi la alumini la kinywaji, tupu, tia vijiko 3 vidogo vya maji, kama mililita 15. Pasha moto mpaka mvuke utoke mfululizo kwa dakika 1 nzima. Mvuke huo ndio unaoifukuza hewa. Lishike kwa koleo, ligeuze juu chini haraka, na uzamishe mdomo wake kwenye beseni la maji baridi. Litabonyea kwa mlio. Mvuke ukipoa na kuwa maji hupungua ujazo zaidi ya mara 1,000, ndani panabaki karibu patupu, na hewa ya nje inalifinya kopo.

Lisipobonyea, mara nyingi ama maji hayakuchemka vya kutosha na hewa ikabaki ndani, ama mdomo haukuzama majini na hewa ikarudi. Usiache maji yakauke kopo likiwa motoni. Mzazi ndiye ashike koleo, mtoto asimame mbali kidogo.

SWALI: Tumesoma kuhusu nusu-tufe za Magdeburg, yaani mabakuli mawili ya metali yaliyokutanishwa midomo na kutolewa hewa ndani, na farasi 16 waliojaribu kuyatenganisha, wanane kila upande. Je, wangefungwa wanane tu upande mmoja, nusu-tufe zingevutwa kwa nusu ya kani?

JIBU: Hapana. Otto von Guericke, aliyefanya maonyesho hayo nchini Ujerumani katika miaka ya 1650, angeweza kufunga farasi wanane upande mmoja na mti imara upande wa pili, na kani ingekuwa ileile. Farasi wakivuta kamba kwa nyutoni 8,000 na tufe halisogei, basi mti nao unaivuta kamba ya pili kwa nyutoni 8,000. Farasi wa upande wa pili walikuwa wanafanya kazi ya mti. Ukitaka kani maradufu, wafunge wote 16 upande mmoja.

Na eneo la kutumia hapa si uso wote wa tufe. Misukumo ya hewa ya pembeni inafutana yenyewe. Kinachobaki ni duara la pale nusu mbili zinapokutana. Kwa kipenyo cha kama sm 50, duara ni m² 0.196, kwa hiyo kama hewa yote ingetolewa ndani, kani ya kuzitenganisha ingekaribia nyutoni 20,000. Anayetumia eneo la nusu-tufe lote hupata mara mbili ya jibu.

SWALI: Tumeunda mashine ya haidroliki kwa mabomba ya sindano mawili, la mililita 5 na la mililita 20. Tulitegemea kani mara 4, lakini bomba kubwa linasukuma kidogo, na wakati mwingine linakwama kisha linaruka ghafla. Tena tunabishana: kanieneo kwenye bomba kubwa si ndiyo kubwa zaidi?

JIBU: Tuanze na ubishi. Mabomba yakiwa usawa mmoja, kanieneo ni ileile kwa yote mawili. Hiyo ndiyo kanuni ya Pascal. Kilicho kikubwa ni kani, kwa sababu kanieneo hiyo moja inasukuma eneo kubwa zaidi.

Eneo hilo si mara 4. Namba 5 na 20 ni ujazo, na mabomba hayalingani urefu. Pima kwa rula umbali kutoka alama ya 0 hadi ya mwisho, kisha gawa ujazo kwa urefu. Tuseme mililita 5 zimechukua sm 4.0: eneo ni sm² 1.25. Mililita 20 zimechukua sm 6.4: eneo ni sm² 3.125. Uwiano ni 2.5. Simamisha bomba dogo, weka kilo 1 juu ya pistoni yake, yaani nyutoni 10, na lile kubwa linapaswa kuinua nyutoni 25. Lakini dogo likishuka sm 4, kubwa linapanda sm 1.6 tu. 10 × 0.04 ni juli 0.4 (juli ni kizio cha nishati), na 25 × 0.016 ni juli 0.4. Hakuna nishati iliyozaliwa njiani.

Sasa upungufu. Mpira wa pistoni unasugua ukuta. Kabla ya kuunganisha, vuta kila pistoni kwa mizani ya springi, mdomo wa bomba ukiwa wazi, uandike inasoma ngapi inapoanza kusogea. Ikiwa dogo linakula nyutoni 2 na kubwa 4, basi zinazofika kwenye maji ni 8, zinakuwa 20 upande wa pili, na zinatoka 16. Ndiyo hiyo kani yenu "ndogo". Tone moja la gliserini kwenye mpira husaidia. Mafuta ya injini msitumie, yanavimbisha mpira.

Kukwama kisha kuruka ni dalili ya msuguano ukiwa pamoja na viputo vya hewa. Nyutoni 10 juu ya sm² 1.25 ni paskali 80,000 juu ya zile 100,000 za hewa. Kiputo cha mililita 1 kinafinywa hadi kama 0.56, na pistoni ndogo inapoteza zaidi ya mm 3 za mwendo bila kusukuma chochote. Hewa hiyo iliyofinywa inakaa kama springi, na pistoni kubwa ikiachia tu, inafyatuka. Breki ya gari iliyoingia hewa ina ugonjwa huu huu: pedali inazama laini mpaka fundi atoe upepo.

Jazeni hivi. Mabomba yawe mapya na yasiwe na sindano. Zamisheni yote mawili pamoja na mpira wa kuunganishia ndani ya beseni la maji. Vuteni bomba kubwa lijae, lielekezeni mdomo juu, ligongeni kwa kidole ili viputo vipande juu, visukumeni nje. Bomba dogo likiwa limesukumwa hadi mwisho, unganisheni kila kitu humohumo majini. Kisha inueni mpira kwenye mwanga: kiputo chochote kikionekana, rudieni.

Maswali mafupi

Je, mdomo unavuta maji kwenye mrija? Mdomo unapunguza kanieneo ndani ya mrija. Hewa iliyo juu ya maji ya bilauri ndiyo inayoyasukuma yapande. Tia mirija miwili mdomoni, mmoja ndani ya bilauri na mwingine nje hewani: utanyonya hewa tu. Na hata pampu kamili ya kunyonya haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10.3, kwa kuwa safu hiyo ya maji inatosha kulingana na paskali 101,325 za hewa. Zebaki, iliyo nzito mara 13.6, husimama mm 760, kama Evangelista Torricelli alivyogundua miaka ya 1640.

Kwa kila kilo tutumie nyutoni 9.8 au 10? Fuata karatasi ya mtihani. Ikinyamaza, tumia 9.8 na uandike umetumia ipi. Tofauti ni asilimia 2, ndogo kuliko kosa la rula yako kwenye jaribio la sponji.

Mizani ya dukani inaonyesha kilo. Basi kilo ni kipimo cha uzito? Kilo ni tungamo, kiasi cha maada kilichomo. Mizani ya springi kwa kweli inahisi kani kwa nyutoni, halafu alama zake zimechorwa kwa kilo kwa kudhani iko juu ya Dunia. Ipeleke Mwezini na tofali la kilo 2.4 litasoma kama kilo 0.4, na tofali halijapungua hata chembe.